Kulijenga upya gari la zamani la spoti kwa mbio za uwanjani: mwongozo kamili

Mtu akishapata gari la spoti lenye umri wa miaka thelathini na akili yake ikawa kwenye mbio, pesa ya kwanza huenda kwenye injini. Ananunua kemshafti, egzosi, kichujio kikubwa cha hewa. Siku ya kwanza uwanjani gari linaondoka kwa mlio mtamu, na mzunguko wa saba linarudi taratibu: breki zimelegea, mshale wa temprecha umegusa nyekundu, na dereva ameshika usukani kwa nguvu zote kwa sababu kiti hakimbani. Nimeliona hilo mara nyingi, na mara moja gari lenyewe lilikuwa langu.

Ndiyo maana mwongozo huu una mpangilio ambao sitaubadilisha: kwanza gari limlinde dereva, kisha lisimame, kisha lipoe, kisha lishike barabara. Nguvu huja mwisho. Gari lenye nguvu za farasi 115 linalomaliza kila mzunguko humfundisha dereva mengi kuliko la nguvu 200 linalokaa juu ya jeki.

Nitatumia Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza kama mfano, kwa sababu ndiyo niliyoifungua mara nyingi. Ilionyeshwa kwa umma Februari 1989 kwenye maonyesho ya magari ya Chicago. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito ni karibu tani moja, na kila gurudumu linashikwa na mikono miwili, ya juu na ya chini. Injini ya kwanza ilikuwa ya lita 1.6, na ya lita 1.8 ikafuata mwaka 1993. Ukiwa na Porsche 944 au Datsun 240Z kazi ni ileile. Kinachotofautiana ni mahali gari linapoumia.

Soma kanuni kabla ya kushika spana

Kila daraja la mbio lina kitabu chake cha kanuni. Kichapishe, kaa nacho jioni mbili, pigia mstari kila kinachohusu gari lako. Kitakuambia upana wa tairi, uzito wa chini kabisa, aina ya keji (fremu ya mabomba inayomlinda dereva gari likipinduka), kama kompyuta ya injini inaruhusiwa kubadilishwa, na kama injini lazima ibaki ile iliyotoka kiwandani. Nimemwona mtu akipanua matao ya magurudumu ili tairi pana ziingie, kisha akagundua daraja lake haliruhusu tairi hizo. Kuna pia uamuzi ambao haurudi nyuma kirahisi: gari likishavuliwa mifuko ya hewa na mapambo ya ndani, halitakuwa tena gari la kuendea kazini. Kama bado unalihitaji barabarani, lijenge kwa ajili ya siku za mazoezi tu na uache mbio kwa gari la pili.

Kuchagua gari: tafuta kutu, usitafute rangi

Injini hubadilishwa kwa siku moja. Bodi iliyooza haibadilishwi. Kwenye MX-5, kutu hupenda kizingiti cha chini ya mlango, sehemu ya mwisho kabisa iliyo mbele ya gurudumu la nyuma. Chanzo chake kinajulikana: turubai la paa lina mifereji miwili midogo ya kutolea maji inayoteremka nyuma ya milango. Majani na vumbi vikiiziba, maji hukosa pa kutokea, yakajaa ndani ya kizingiti na kukila polepole kwa miaka. Nje unaona rangi safi inayong'aa.

Funga sumaku ndogo kwenye kitambaa chembamba uipitishe taratibu juu ya kizingiti. Inaposhika kwa nguvu, hapo kuna chuma. Inapoteleza na kuanguka, chini ya rangi kuna pati. Halafu lala chini ya gari na bisibisi, ubonyeze kila mshono. Bisibisi ikizama, basi tayari una kazi ya kuchomelea kabla ya kazi nyingine yoyote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta huo ndio utakaobeba keji inayolinda shingo yako.

Angalia pia zile reli mbili nyembamba zinazokimbia chini ya sakafu. Watu huweka jeki palepale, na reli hubonyea kama kopo. Kubonyea kidogo si tatizo kubwa. Kilicho hatari ni bodi iliyopinda kwa ajali, kwa hiyo pima kwa futi kutoka tundu la bolti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha upande wa pili. Vipimo viwili vya mshazari vikipishana kwa zaidi ya milimita chache, acha gari hilo liende.

Kwa injini ya 1.6 ya miaka ya mwanzo kuna jambo moja la lazima. Krenki za 1989 hadi 1991 zilikuwa na pua fupi, yaani ncha ya mbele inayoshika puli. Bolti ya puli ikilegea kidogo tu, ufunguo mdogo unaoshikilia gia ya taimingi huanza kucheza na kuila krenki yenyewe. Angalia ile gia kupitia puli ya mbele na uhesabu mianya yake: ikiwa minne, ni pua fupi, ikiwa minane, ni ile iliyorekebishwa. Pua fupi iliyotunzwa hudumu, lakini mimi kwa gari la mbio huitafuta yenye minane.

Kuvua gari

Ondoa nyaya za betri, subiri angalau dakika kumi, ndipo uguse mfuko wa hewa wa usukani. Gesi ya kiyoyozi itolewe na fundi mwenye mashine ya kuinyonya, usiiachie hewani. Kisha piga picha kila kiungo kabla ya kukifungua, na kila bolti iingie kwenye mfuko wake wenye jina. Kazi hii inachosha, lakini baada ya miezi minne utaushukuru mkono wako uliokuwa na subira.

Lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni huwatesa wengi, kwa sababu ikipata joto hunata kama asali. Dawa yake ni barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa. Ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na lami ikiguswa nayo hukauka na kuwa kama sahani. Mwaga vipande juu yake, subiri mpaka usikie ile milio midogo ya kupasuka, kisha gonga kwa nyundo ya plastiki na itabanduka mabapa mazima. Vaa glavu nene na ufungue milango yote ya gereji, kwani barafu hiyo inapoyeyuka hugeuka gesi inayofukuza hewa unayovuta.

Keji, kiti na mkanda

Hapa ndipo ninapotumia pesa kwanza, na sijawahi kujuta.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kwenye Nyongeza J kifungu cha 253, zinataka upinde mkuu ulio nyuma ya dereva uwe bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, la kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2.0. Mabomba mengine yanaweza kuwa 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Bomba la maji au la mlango wa geti halifai hata kidogo, kwa sababu lina mshono, na gari likipinduka mshono ndio unaofunguka. Miguu ya keji ya kufunga kwa bolti haikai juu ya sakafu tupu. Inahitaji bamba la kuimarisha lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120 lililochomelewa kwenye bodi, na bolti zisizopungua tatu za M8 daraja 8.8. Bila bamba hilo, mguu hupita sakafuni kama kisigino kwenye tope.

Kwa gari lisilo na paa kama MX-5, fanya kipimo cha ufito. Kaa kwenye kiti ukiwa umevaa helmeti na kujifunga mkanda kama siku ya mbio. Mtu mwingine alaze ufito mnyoofu kutoka juu ya upinde mkuu hadi kwenye sehemu imara ya mbele ambayo kanuni zako zinaikubali. Helmeti iwe chini ya ufito kwa sentimita 5. Mtu mrefu mara nyingi hushindwa kipimo hiki kwa kiti cha kawaida, na suluhisho ni kukishusha kiti mpaka sakafuni. Keji ya juu kupita kiasi huleta tatizo jipya la uimara.

Kila bomba ambalo helmeti inaweza kuligonga lifunikwe kwa sponji ngumu iliyoidhinishwa. Sponji laini ya duka la mabomba haisaidii kitu. Kwa sababu hiyohiyo, gari lenye keji halifai kuendeshwa barabarani bila helmeti: kichwa kitupu kikigonga chuma katika ajali ndogo tu, madhara ni makubwa kuliko ajali yenyewe.

Kiti kiwe cha kipande kimoja na kifungwe kwenye bodi, kisikae kwenye zile reli za kusogezea. Viti vya viwango vya FIA 8855-1999 vina muda wa miaka mitano tangu vitengenezwe, na tarehe imeandikwa kwenye lebo. Mikanda nayo ina tarehe zake. Mkanda uliokwisha muda unaweza kuonekana mpya kabisa, lakini nyuzi zimechoshwa na jua. Kamba za mabega ziteremke kuelekea nyuma kwa pembe ndogo. FIA inapendekeza isizidi nyuzi 10 kutoka usawa, na kamwe isizidi 45. Ukizifunga sakafuni nyuma ya kiti, siku ya kugonga zitakukandamiza uti wa mgongo kwenda chini.

Helmeti iwe ya magari, ile yenye alama ya SA ya Snell, taasisi inayopima helmeti. Ya pikipiki, yenye herufi M, haikupimwa kwa moto wala kwa kugonga bomba la keji. Ongeza kifaa cha kuzuia kichwa kisirushwe mbele. Robert Hubbard, mtaalamu wa mwendo wa mwili wa binadamu, alikibuni miaka ya 1980, na Formula 1 ilikifanya cha lazima mwaka 2003. Ukikosa pesa za vyote kwa pamoja, ahirisha mbio mpaka utakapovipata.

Kizima moto kifungwe kwa mabano ya chuma mahali ambapo mkono wako unafika ukiwa umejifunga. Swichi kuu ya umeme ikate kila kitu na izime injini, na iweze kuvutwa ukiwa ndani na mtu akiwa nje. Ya nje huwekewa alama ya pembetatu ya bluu yenye radi nyekundu. Ng'oa kufuli ya usukani. Weka pete za kuvutia mbele na nyuma, na uzipake rangi ya njano, nyekundu au machungwa ili waokoaji wazione haraka.

Breki

Gari la kilo 1,000 likiwa kwenye kilomita 160 kwa saa hubeba nishati ya karibu kilojuli 990. Ukilipunguza hadi 80, kilojuli kama 740 lazima ziondoke kupitia diski na pedi, na dereva mzuri hulifanya hilo kwa chini ya sekunde tatu. Joto hilo linatosha kuchemsha lita mbili za maji baridi mpaka zitokote. Sasa lirudie kila kona kubwa, kwa dakika ishirini.

Ile siku yangu mbaya ilitokana na mafuta ya breki. Gereji moja ilikuwa imeniambia imeyabadilisha, nami sikukagua. Mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka nilikanyaga pedali ikashuka laini mpaka sakafuni, kama kukanyaga mto. Nilipampu mara tatu, nikashusha gia, nikatoka nje ya lami kwenye changarawe. Nilipofungua nati ya kalipa jioni ile, mafuta yalitoka na rangi ya chai ya rangi, na mapovu madogo ndani yake.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishalowa kiwango hicho hushuka hadi 155. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi, ndiyo maana pedali hushuka. Nunua mafuta ya mbio yanayochemka juu ya nyuzi 300 yakiwa mapya, uyatumie chupa ikiwa imefunguliwa siku hiyohiyo, na uyatoe upepo kabla ya kila siku ya uwanjani. Usichanganye na DOT 5, kwani hiyo ni ya silikoni na haipatani na nyingine.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fungua kalipa zote, toa pistoni kwa hewa ya kompresa ukiweka kipande cha mbao mbele yake, na uikague chini ya mwanga mkali. Tundu dogo la kutu linaloshika ukucha linatosha kuila sili. Badilisha sili na vumbikinga zote. Hozi za mpira za kiwandani zikiwa na umri wa gari zitupe, ufunge zilizosukwa kwa nyuzi za chuma. Kagua bomba za chuma kwa urefu wake wote, hasa zinapopita karibu na ekseli ya nyuma. Jaza mafuta, kisha toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, umalizie na lililo karibu.

Kalipa kubwa zenye pistoni nne nakuomba uziache kwanza. Kwa gari jepesi hivi, pedi za mbio, mafuta mazuri na hewa ya baridi huitosha diski ya kiwandani. Kalipa kubwa mbele peke yake huharibu uwiano, mbele inafunga kabla nyuma haijafanya kazi. Tafuta bomba la hewa la milimita 75 hivi, lianzie kwenye tundu la bampa na kuishia katikati ya diski, hewa iingie kwenye matundu ya ndani na kutokea kingoni. Ukiipuliza upande mmoja tu wa diski, itapinda.

Pedi mpya lazima zikalishwe. Mtengenezaji wake hutoa maelekezo, uyafuate. Kwa kawaida ni breki nane hadi kumi, kuanzia nyepesi na kuongeza nguvu, bila kulisimamisha gari kabisa, kisha mwendo wa kupoza. Zibadilishe zinapofika nusu ya unene, kwani pedi nyembamba hupitisha joto lote kwenye pistoni na mafuta. Na ukirudi kwenye maegesho usivute breki ya mkono. Weka gia na kipande cha mbao kwenye tairi.

Kupoza

Injini ya MX-5 ilitokana na ile ya Mazda 323, ambayo ililazwa kwa upana. Kule maji yalitokea nyuma ya silinda hedi, upande wa pili wa pampu. Ilipogeuzwa kukaa kwa urefu, themostati ikahamishiwa mbele, kwa hiyo maji huingia mbele na kutokea mbele, na silinda ya nne iliyo nyuma kabisa hupata kidogo. Barabarani hutaona tofauti. Uwanjani, silinda hiyo ndiyo ya kwanza kuchoka. Mafundi wa mbio hurudisha themostati nyuma na kupitisha hozi mpya hadi kwenye rejeta, na hiyo ni mojawapo ya kazi bora unazoweza kuifanyia injini hii.

Rejeta ya zamani yenye vichwa vya plastiki iangalie rangi. Plastiki iliyokuwa nyeusi ikigeuka kahawia, imekaribia kupasuka. Weka ya alumini, lakini kabla hujanunua iliyo nene zaidi, ziba mianya yote kando na chini yake kwa mabati mepesi na sponji. Hewa hufuata njia rahisi, na mwanya wa vidole viwili huinyang'anya rejeta sehemu kubwa ya upepo wake. Nimewahi kuponya gari lililokuwa likichemka kwa vipande vya alumini na riveti tu.

Mbio nyingi hukataza dawa ya rejeta yenye glaikoli kwa sababu ikimwagika hufanya lami iteleze. Tumia maji yaliyochujwa madini pamoja na dawa ya kuzuia kutu iliyoruhusiwa. Na usiuamini mshale wa kiwandani. Hukaa katikati kwa masafa mapana ya joto, ukianza kupanda umeshachelewa. Funga geji ya kweli ya maji, ya joto la oili na ya presha ya oili, na taa kubwa nyekundu mbele ya macho yako. Kwenye kona hakuna anayesoma geji.

Injini

Pima kompreshani ya silinda zote injini ikiwa ya moto, kanyagio la mafuta likiwa limekanyagwa mpaka chini. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, tia oili kijiko kimoja kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, valvu au gaskiti.

Kama ni nzima, usiifungue yote. Badilisha belti ya taimingi, pampu ya maji, roli na sili za mbele kwa pamoja, kwa sababu zote ziko nyuma ya kifuniko kimoja. Mimi huongeza kushusha sampu na kubadilisha beringi za konrodi. Weka kiuzi cha plastiki cha kupimia kwenye shingo ya krenki, funga kofia ya konrodi kwa mkazo kamili, ufungue bila kuzungusha krenki. Kiuzi kimebonyea, na upana wake unaulinganisha na kipimo kilichochapishwa kwenye pakiti. Mafundi wengi hutumia kanuni ya uwazi wa milimita 0.025 kati ya beringi na shingo kwa kila milimita 25 za kipenyo, kwa hiyo shingo ya milimita 45 huipa kama 0.045. Kiuzi kikiwa kipana upande mmoja na chembamba upande mwingine, shingo imekwisha umbo.

Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu na pampu ikanyonya hewa. Porsche 944 inajulikana kwa hilo, beringi ya konrodi namba 2 ndiyo hufa kwanza. Kuta ndogo za kuzuia oili ndani ya sampu, na oili iliyojazwa hadi alama ya juu, huokoa injini nyingi.

Gia na difu

Giaboksi yenye ringi za shaba za kusawazisha gia ipewe oili ya 75W-90 ya daraja GL-4. Difu ipewe GL-5. MX-5 za 1.6 zina difu ndogo ya inchi 6, na za 1.8 zina ya inchi 7 iliyo imara zaidi, nyingine zikiwa na Torsen, aina ya difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure. Ukiipata hiyo ya pili na ekseli zake, ihamishe.

Suspensheni na tairi

Bushi za mpira za miaka thelathini hazifai tena, hata zikionekana nzima. Zibadilishe zote kwa wakati mmoja, pamoja na boljointi na beringi za mahabu ya mbele, ambazo tairi zenye kushika sana huzimaliza haraka. Bolti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likiwa juu ya stendi. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira hukaa umejipinda siku zote na kuchanika.

Shokapu nzuri zina thamani kuliko springi ngumu. Kwa kuanzia, kemba (mwinamo wa gurudumu, hasi ikiwa juu yake kumeelekea ndani) ya mbele iwe hasi nyuzi 2.5 hadi 3, nyuma pungufu kidogo. Ncha za mbele za tairi za mbele ziwe sawa au zifunguke kidogo sana kwenda nje, za nyuma zielekee ndani kidogo ili mkia usiwe na wasiwasi unapofunga breki. Kisha lipime kwenye mizani nne, ukiwa umekaa ndani na mafuta nusu tenki, stabilaiza ikiwa imefunguliwa upande mmoja. Uzito wa mbele kushoto ukijumlishwa na nyuma kulia uwe asilimia 50 ya wote. Tofauti ikibaki, gari litakata kona vizuri upande mmoja na kukugomea upande mwingine.

Tairi zianze na upepo mdogo, ukirudi uzipime zikiwa moto. Kwa gari jepesi hivi, psi 28 hadi 32 za moto ni pa kuanzia. Choma kipima joto sehemu tatu za kila tairi: ndani, katikati, nje. Katikati kukiwa moto kuliko pande zote mbili, upepo umezidi. Nje kukiwa moto kuliko ndani, ongeza kemba hasi.

Waya na mafuta

Kata waya zisizo na kazi moja moja, ukifuata mchoro, usikate fungu. Betri ifungwe kwa chuma, na kichwa chake cha chanya kifunikwe. Hozi zote za petroli zibadilishwe hata kama hazivuji. Na kumbuka tenki la MX-5 likiwa chini ya robo, kwenye kona kali petroli huikimbia pampu na injini hukohoa. Usijaribu kuokoa uzito hapo.

Siku ya kwanza uwanjani

Usiku wa kabla yake, pita gari zima na spana ya toki. Kila bolti ukishaikaza, ichore mstari wa rangi unaovuka kichwa chake na kuingia kwenye chuma kinachoshikwa. Baada ya hapo jicho peke yake linatosha: mstari uliokatika ni bolti iliyozunguka. Nati za magurudumu za MX-5 ni Nm 88 hadi 118, na zikazwe tena baada ya mizunguko ya kwanza.

Nenda mizunguko mitatu tu, kwa mwendo wa wastani, kisha urudi. Fungua boneti, lala chini, tafuta unyevu wowote: maji, oili, mafuta ya breki. Gusa kila hozi. Soma ile mistari ya rangi. Nenda mitano, urudi, fanya hivyohivyo. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, maana hutajua kipi kimesaidia. Na andika: joto la maji, joto la oili, presha za tairi kabla na baada, unene wa pedi, saa za injini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari la mbio ni hivyohivyo.

Ukifika nyumbani mwaga oili ikiwa bado na uvuguvugu, kisha ukate kichujio chake kwa kikata bomba. Tandaza ile karatasi iliyokunjwakunjwa juu ya meza, uikamue, uipeleke juani na uigeuzegeuze. Vumbi la kijivu kidogo ni la kawaida kwa injini mpya. Ukiona vimeta vya rangi ya shaba au vipande vinavyong'aa kama magamba ya samaki, beringi imeanza kwenda: shusha sampu wiki hiyohiyo, kabla hujawasha tena.